Nyanya za mlango wa nyuma: barua ya wazi kwa wakubwa wetu wa Haut-Katanga

Kwa Baba Gavana wa jimbo,
kwa Waheshimiwa mawaziri wa jimbo wenye utalii, mashamba na madini mikononi mwao,
kwa Waheshimiwa wabunge wa jimbo,
na nakala kwa machifu wetu wa Kundelungu na wa kando ya ziwa Moero.

Jambo yenu wote, baba zetu na mama zetu.

Mimi ni mtoto wa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, mji wetu wa shaba huku kusini mwa Kongo. Kwa miaka 9 nilikuwa mpokea mizigo katika stoo ya hoteli moja ya hapa Lubumbashi. Jina lake nalihifadhi, maana ndani mwake bado wamo ndugu zangu wanaolisha watoto kwa mshahara wake, na wala sidhani ilikuwa mbaya kuliko wenzake. Kazi yangu ilikuwa kufungua mlango wa nyuma saa kumi na moja alfajiri, kupima, kuandika, na kurudisha kisichotakiwa.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba, baridi yetu ile ya kiangazi ikiuma masikio, liliingia gari la barafu likitokea Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Likashusha masanduku ya nyanya za Afrika Kusini, zote umbo moja, zote ngumu, kila moja na kibandiko chake kama mtoto wa shule aliyevaa beji. Nyuma ya gari alikuwa amesimama mama mmoja wa upande wa Kipushi, beseni kichwani, nyanya zake amezifunika kwa majani ya mgomba. Alikuwa amezichuma jana yake jioni. Mpishi mkuu, mtu wa hapahapa, alitoka akachukua moja, akaipangusa kwenye aproni, akaagiza chumvi, akaila amesimama mpaka ikaisha, maji yakimchuruzika hadi kwenye kiwiko. Akasema, "Mama, nyanya ndiyo hii." Kisha akanitazama mimi.

Mimi nikafanya kazi niliyoandikiwa. Nikamwuliza kama ana risiti yenye namba ya kodi. Kama anaweza kuleta kilo 80 kila Jumanne na kila Ijumaa, mwaka mzima, mvua na jua. Kama yuko tayari kungoja siku 45 ndipo alipwe. Mama alicheka. "Mwanangu, hizo siku zote watoto wanakula nini?" Akageuka na beseni lake, akashika njia ya soko la Kenya, mtaa wetu wa hapahapa Lubumbashi. Siku hiyo nilitia sahihi nyanya zilizosafiri zaidi ya kilomita 2,000, nikarudisha zilizotembea 30.

Nawaandikia kwa sababu siku hizi hakuna kongamano lisilosema kwamba shaba itakwisha na mrithi wake ni utalii. Tunaonyeshwa picha za maporomoko ya Lofoi, yanayoanguka zaidi ya mita 300 pale mbuga ya Kundelungu, picha za maporomoko ya Kiubo, za pundamilia wa mbuga ya Upemba, za jua likichomoza juu ya Moero. Kauli kwamba udongo wa juu utalipiza kisasi kwa utajiri ulio chini yake, yaani shamba litaushinda mgodi, imetoka Kinshasa mara nyingi hadi watoto wanaifanyia mzaha. Mimi utalii siupingi. Umenilisha miaka 9. Ninachoomba ni kwamba, kabla hamjakata utepe wa kwanza, muwasikilize watu waliotutangulia kwenye njia hiyo kwa nusu karne: watu wa visiwa.

Mtasema kisiwa na Katanga wapi na wapi, sisi ambao bahari tunaiona kwenye televisheni. Lakini kisiwa, kwa hesabu ya stoo, ni mahali ambapo kinachotoka ni kimoja na kinachoingia ni vyote. Mji huu ulizaliwa 1910, mwaka ambao reli ilifika kutoka kusini, na ulizaliwa kwa ajili ya kitu kimoja. Tangu hapo shaba inatoka, unga unaingia. Agosti 2024, Zambia ilipofunga mpaka siku chache kwa ugomvi wa bia na soda, kila nyumba ya Katuba ilijua kwamba tumezungukwa na maji.

Acheni nianze na chakula, kwa kuwa ndicho nilichokipima.

Waingereza walipoigeuza Jamaika kuwa shamba la miwa, mabonde mazuri yote yalipandwa miwa, na watumwa waliolima walilishwa samaki wa chumvi waliokuja kwa meli kutoka Amerika ya Kaskazini. Mwaka 1793 meli nyingine ilileta miche kutoka Tahiti, ya ule mti ambao Waswahili wa pwani wanauita mshelisheli, ili watumwa washibe kwa bei rahisi. Utumwa ukafutwa, uhuru ukaja 1962, na hadi leo chakula cha taifa cha Jamaika ni tunda la aki lililopikwa na samaki yule yule wa chumvi, na samaki bado anaagizwa kutoka nje. Kisiwa chenye bahari pande zote!

Niliposoma hayo nilicheka peke yangu, kwa sababu mezani mbele yangu palikuwa na bukari, ndio ugali wetu, mboga ya lenga-lenga na kipande cha Thomson. Thomson, samaki wa barafu, mtoto wa Atlantiki, anayekuja kwa lori hadi Lubumbashi wakati Moero iko jimboni mwetu na ziwa Tshangalele liko hapo Kapolowe. Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji iliyoundwa 1906, ililisha wafanyakazi wake kwa posho: gunia la unga kwa hesabu ya vichwa, na mahindi mengi yakija kwa treni, mengine kutoka Rhodesia. Kampuni haikuhitaji wakulima. Ilihitaji wachimbaji walioshiba. Kwa hiyo wageni wa semina wanaposema sisi wa Katanga hatupendi jembe, wakumbusheni kwamba tulifundishwa kwa miaka 50 na zaidi kuwa chakula hutoka stoo, na mwalimu alikuwa mkali.

Bei ya sukari ilipoyumba, visiwa vingi vilifanya hicho mnachotaka kukifanya ninyi. Vilibadili bidhaa. Seychelles ilikuwa nchi ya mbata na mdalasini; uwanja wa ndege wa Mahé ukaanza kazi 1971, na uhuru ulipokuja 1976 ulimkuta mtalii amekwisha keti kwenye kiti cha mbele. Maldives ilifungua hoteli yake ya kwanza ya kitalii 1972. Antigua, Barbados, Saint Lucia, hadithi ni hiyo na majina yanabadilika. Kilichouzwa kilibadilika, mpangilio haukubadilika: ardhi nzuri kwa wachache, chombo cha usafiri cha mgeni, bei inayopangwa London au Paris, na chakula kinachoshuka kwenye kontena. Huko Martinique, ambako bado ni Ufaransa na ndizi na watalii ndio riziki, takwimu za serikali yenyewe zilionyesha kwamba mwaka 2022 chakula kilikuwa ghali kwa karibu asilimia 40 kuliko Ufaransa ya Ulaya. Watu waliingia barabarani kwa ajili hiyo mwaka 2024.

Kisha ikaja hoteli ya kulipia kila kitu kabla. Mgeni analipa kwao, kwa wakala wa kwao, anapanda ndege ya kwao, anavishwa kikuku cha plastiki mkononi, na kwa siku 7 hana sababu ya kuvuka geti. Nje ya geti hata chungwa hanunui. Jamaika sheria ya fukwe ya 1956, ya wakati wa mkoloni, haimpi raia haki ya jumla ya kuoga baharini, na hadi leo wapo Wajamaika walioko mahakamani wakidai njia ya kufikia maji walimooga babu zao.

Sasa niambieni hoteli hiyo inafanana na nini. Uzio mrefu na mlinzi. Umeme wake, maji yake, barabara yake. Chakula kilichokuja na gari la barafu. Watu wa kijijini wanaoingia kwa kadi na kutoka kwa kupekuliwa. Malipo makubwa yanayofanyika ng'ambo kabla mzigo haujafika mpakani. Waheshimiwa, sisi hoteli za namna hiyo tunazo nyingi, ila tunaziita migodi. Na mji wetu wenyewe, wakati wa mkoloni, ulikuwa na uzio wa aina yake, ule ukanda mtupu wa karibu mita 700 ulioachwa kati ya nyumba za Wazungu na mtaa wa Waafrika, eti mbu wa malaria hawezi kuruka umbali huo. Mbu hakusomewa sheria hiyo.

Mwaka 2018 nilimsindikiza shangazi yangu Dar es Salaam kununua vitenge, na kwa kuwa tulishafika, tukavuka hadi Zanzibar. Pale Paje maji yalikuwa yamekupwa, bahari imerudi mbali kabisa, na kina mama wamechutama kwenye mchanga wakifunga mwani kwenye kamba, kilimo kilichoingia huko mwishoni mwa miaka ya 1980. Nilizungumza na mmoja wao. Kwanza alinicheka Kiswahili changu, akataka kujua bukari ni kitu gani, na nilipomwambia ni ugali akacheka zaidi. Halafu akaniambia vigingi vyao haviwapendezi wageni wanaotaka kuogelea na wale wanaoteleza juu ya maji kwa tiara kubwa. "Wanataka tuhame," alisema, "lakini tukihama, asubuhi watampiga picha nani?" Nchi ile ilifanya mapinduzi 1964, ikagawa mashamba eka tatu tatu kwa waliokuwa hawana. Na nyanya niliyokula jioni hiyo, mwenye mgahawa aliniambia mwenyewe bila aibu, ilivuka bahari kutoka Bara.

Machi 2020 ndege zikasimama. Mwaka huo uchumi wa Maldives ulipungua kwa karibu theluthi, wa Mauritius kwa karibu asilimia 15, kwa sababu ya ugonjwa ambao hakuna kati yao aliyeuanzisha. Sisi hapa Kongo tulishaonja kabla: mbuga ya Virunga ilifungwa kwa wageni Mei 2018 baada ya watalii kutekwa, ikafunguliwa Februari 2019, ikafungwa tena Machi 2020. Hotelini kwetu tulipigiwa simu mmoja mmoja, watu 31, tukaambiwa tupumzike hadi tutakapoitwa. Mimi bado napumzika.

Mama wa Kipushi hakupumzika hata siku moja. Nilimkuta soko la Kenya, nikizunguka kutafuta mzigo wa kubeba, naye akanijua kabla sijamjua. "Wewe si yule wa siku arobaini na tano?" Aliniambia nikitaka kazi nije shambani. Tangu mwaka huo ndiye mkubwa wangu wa kazi, na hunikumbusha hilo gari la barafu kila nikikosea kumwagilia.

Mwenzangu mmoja aliposoma rasimu ya barua hii aliniuliza, kwa hiyo unataka ujamaa? Nikamwambia nataka kwanza tujue yaliyojaribiwa.

Mfano ninaoupenda, na unaoniumiza, ni Grenada. Kisiwa cha watu wapatao 100,000. Machi 1979 Maurice Bishop na wenzake walichukua madaraka. Wakafungua madarasa ya kusoma kwa watu wazima, wakaanzisha kiwanda cha kusindika matunda yao wenyewe, wakawaambia watu wale wanachokilima. Na wakati huohuo walikuwa wanajenga uwanja mkubwa wa ndege pale Point Salines. Kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya watalii. Reagan, rais wa Marekani, akasema ni wa kijeshi, kwa kuwa Wakuba walikuwa wanausaidia kuujenga. Oktoba 1983 wanamapinduzi wakagombana wenyewe kwa wenyewe, Bishop akauawa tarehe 19, na tarehe 25 wanajeshi wa Marekani wakashuka. Uwanja ulimaliziwa, ukafunguliwa mwaka uliofuata, na tangu 2009 unaitwa kwa jina la Bishop. Watalii wanatua hapo kila siku. Kilichobaki katika mpango wake ni ile sehemu iliyomfaa mgeni. Mimi huwa najiuliza kama angeanza na kiwanda cha matunda kwa miaka 10 kabla ya uwanja, nani angemwona tishio. Labda wangemwona tu.

Mauritius ilienda kwa akili ya mfanyabiashara. Mwaka 1961 mchumi mkubwa wa Uingereza, James Meade, aliandika ripoti iliyoikatia tamaa karibu kabisa. Ikapata uhuru 1968, ikaanzisha viwanda vya kushona kwa ajili ya kuuza nje 1970, na ilipopata bei ya uhakika ya sukari Ulaya kuanzia 1975, wenye mashamba wakatozwa kodi na sehemu ya faida ikapelekwa kwenye nguo na hoteli. Ukanda wa pwani, hadi mita 81 hivi kutoka kwenye maji, ni mali ya serikali. Hoteli inakodishiwa, haiuziwi. Bado wananchi wanalalamika kwamba fukwe zinamegwa, lakini angalau kuna cha kulalamikia mbele ya sheria. Lipo pia jambo ambalo wageni wa Mauritius tuliowahudumia hawakupenda kulizungumza. Mguu mwingine wa uchumi wao ni fedha: makampuni yanayowekeza Afrika hujiandikisha kule kwa sababu kodi ni nyepesi. Njia yao ya kutoka kwenye utegemezi, kipande chake kimoja, kimepita katika mifuko ya nchi kama yetu. Siwalaumu sana. Nasema tu kwamba mlango huo tayari una watu.

Maldives ina jambo moja la kuiga. Kwa miaka mingi watalii waliwekwa kwenye visiwa vya peke yao, kisiwa kimoja hoteli moja, na visiwa wanamoishi wenyeji vilizuiwa kulaza wageni. Mwaka 2009 serikali iliyochaguliwa ililegeza amri hiyo. Familia zikaanza kuongeza vyumba vitatu, vitano, nyuma ya nyumba zao. Kisiwa cha Maafushi kikajaa nyumba za wageni. Hoteli kubwa hazikufa. Ila mama aliyekuwa akipika kwa ajili ya wanawe alianza kupika kwa ajili ya Mjerumani, na samaki akanunuliwa gatini, kwa fedha taslimu, siku hiyohiyo. Sheria moja tu ilibadilishwa, kwa kalamu. Hakuna aliyejenga uwanja wala bandari.

Na Barbuda, kisiwa kidogo pacha wa Antigua. Huko tangu utumwa ufutwe 1834 watu waliishikilia ardhi kwa pamoja. Hakuna anayemiliki kiwanja, kila mzaliwa ana haki ya mahali pa kujenga na pa kulima. Sheria ya 2007 ikaliandika hilo. Septemba 2017 kimbunga Irma kikakipiga kisiwa, watu wote wakahamishwa. Kabla hawajajenga upya paa, serikali kuu ikaanza kuigeuza sheria ya ardhi, na wawekezaji wa nyumba za kifahari walikuwa mlangoni. Wanabarbuda wamepigana mahakamani hadi baraza la juu kabisa, London, na hawakushinda yote. Nalitaja kwa machifu wetu hasa. Ardhi ya pamoja haipotei siku ya mnada. Inapotea siku wenye ardhi hawapo.

Sasa nakuja kwa fedha, na hapa nawaomba mnivumilie, maana nitataja nchi mbili ambazo hazina hata watalii wengi. Nauru ilipata uhuru 1968 ikiwa na mlima wa fosfati. Miaka ya 1970 watu wake walihesabiwa miongoni mwa matajiri wa dunia kwa kila kichwa. Fedha ziliwekwa kwenye mfuko wa vizazi vijavyo. Mfuko ukanunua majengo, ndege, hata ukagharimia mchezo wa jukwaani London mwaka 1993 uliofungwa upesi. Fosfati ikaisha, mfuko ukaisha, na mwaka 2001 nchi ikaanza kuishi kwa kuwafungia Australia wakimbizi wake. Jirani yake Kiribati nayo ilikuwa na fosfati, kwenye kisiwa cha Banaba, iliyochimbwa hadi ikaisha 1979. Lakini mfuko ulioanzishwa 1956, kwa fedha kidogo kuliko za Nauru, upo mpaka leo na unalipia sehemu ya bajeti. Watu wa Banaba wenyewe walihamishiwa Fiji na hawakupata haki yao, hilo tusilifiche. Ila mfuko upo.

Sisi tunao mfuko kama huo kwenye karatasi. Sheria ya madini ya 2018 imegawa mrabaha, yaani malipo ambayo migodi hutoa kwa madini inayochimba: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 eneo lenye mgodi, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 2.5 za shaba mwaka 2023, wakati Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, katika ubora wake miaka ya 1980 haikufika tani 500,000, na bado bibi zetu wanaikumbuka kama enzi ya neema. Waheshimiwa, mtoto wa Ruashi hajui ile 10 iko wapi. Kabla hamjatuambia utalii utajengwa kwa fedha gani, tubandikieni hesabu hiyo ukutani, kila komini, kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo mama yangu anaweza kuzisoma bila miwani.

Na kama kweli mnataka hoteli za kesho zinunue kwetu, anzeni na hoteli za leo. Anzeni na migodi. Maelfu ya watu wanalishwa kila siku ndani ya zile nyuzio, asubuhi, mchana, usiku. Sheria ya 2017 inataka kazi za ukandarasi mdogo zipewe makampuni yenye mtaji wa Wakongomani, na kupika chakula ni mojawapo. Ni jambo jema, lakini nimefanya kazi stoo. Kampuni inaweza kuwa na jina la Kikongomani kwenye muhuri na nyanya za Afrika Kusini kwenye sufuria. Ongezeni mstari mmoja katika mikataba ya jimbo: kiasi fulani cha mboga, unga na samaki kitoke Haut-Katanga, kianze kidogo na kiongezeke kila mwaka, na mkulima alipwe ndani ya siku 7. Siku 45 ndizo zilizomfukuza yule mama, kuliko risiti. Risiti ushirika unaweza kuipata. Tupeni pia chumba kimoja cha baridi chenye umeme usiokatika, karibu na soko, nasi tutaonyesha kilo 80 za kila Jumanne zinatoka wapi.

Kuhusu Lofoi na Moero, tafadhali msisaini chochote kabla vijiji havijapata karatasi yao kwanza. Njia ipo. Tangu amri ya 2014 jamii inaweza kuomba msitu wake hadi hekta 50,000, bila kulipa na bila kikomo cha muda. Vijiji vya pembezoni mwa Kundelungu vikishika hati hizo mkononi, mwekezaji atakayekuja atapanga kwao. Bila hivyo watakuwa watu wa kucheza ngoma jioni, saa moja na nusu hadi saa mbili, kabla ya chakula. Mbuga yenyewe ilichorwa mwaka 1970, na ile ya Upemba mwaka 1939 na mkoloni, na wazee huko hawajasahau walioondolewa walikuwa nani. Kaeni nao kabla ya kukaa na mchora ramani za hoteli. Na vyumba vitatu nyuma ya nyumba ya mwalimu wa Kilwa yetu ya Moero au mvuvi wa Pweto, kwa choo safi na neti nzima, visitozwe zile kodi kumi na kitu ambazo kila ofisi ya Leta, yaani serikali, inakuja nazo na daftari lake. Nazijua, tulikuwa na kabati zima la risiti zake.

Huenda nimekosea mahali. Mimi si mchumi. Kama kuna mwenye hesabu bora aandike naye.

Na kama kuna mmoja wenu anayetaka kuona kwa macho, aje Jumanne. Tunatoka shambani saa tisa usiku, mabeseni yamefungwa kwenye baiskeli, mama mbele na mimi nyuma na tochi, na ikifika saa kumi na moja tuko kwenye mlango ule ule. Siku hizi wanatuchukulia kilo 15, kwa huruma ya mpishi. Kijana aliyekaa mahali pangu ana adabu, ananisalimia vizuri, ananiita kaka. Halafu ananiuliza risiti.

Mpokea mizigo wa zamani,
Katuba, Lubumbashi